Ehe, na Sahani ya Bi Tufaha

"Nirudishie sahani yangu, Mize, na uirudishe tupu!"

"Tupu?"

"Tupu kama ilivyotoka dukani. Sitaki chako humo. Si sambusa, si kachori, si hata punje ya chumvi."

"Tufaha, shoga yangu, sikia kwanza..."

"Mimi si shoga yako. Nilikuwa shoga yako mpaka asubuhi hii, ulipokatiza mbele za watu na hicho kikapu."

Bi Tufaha, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, alikuwa amesimama mlangoni pangu mguu mmoja kichochoroni na mwingine kauinua, hautaki kutua ndani wala kurudi nje. Kidole chake kilielekea kikapu cha ukindu kilichokuwa miguuni pangu. Ndani ya kikapu alikaa mbwa mdogo kuliko wote uliopata kuwaona, mbwa wa kujaa viganja viwili, rangi ya chai ya maziwa, masikio makubwa kama aliyaazima kwa mwenzake. Kichwa chake kilikuwa kimelala upande. Alimtazama Bi Tufaha kama mtu aliyehadithiwa nusu ya jambo na anangoja nusu iliyobaki.

"Mwangalie! Mwangalie anavyonibeza!"

"Hakubezi. Ndivyo shingo yake ilivyo."

"Shingo gani hiyo ya kumuuliza mtu mzima maswali?"

Mzee Makame, aliyekaa baraza ya pili na ile redio yake isiyosema mpaka ipigwe kofi, akadakia: "Malaika wa rehema hawaingii nyumba yenye mbwa. Hilo hata anayenyonya analijua."

"Mzee Makame, hao malaika kwangu waliacha kuingia tangu ulipoanza kuingia wewe. Hawakupata pa kukaa."

Kichochoro kizima kikacheka. Maana kilikuwa kimejaa, bila shaka. Ugomvi wa mlangoni pangu haukuhitaji mwaliko. Kicheko kile kilikuwa cha mwisho kupita nyumbani kwangu. Ningejua, ningekishika upindo.

"Sahani," akasema Bi Tufaha.

Ilikuwa rafuni, nyeupe, ukingo wa buluu, na ufa mwembamba kama unywele ukipita katikati. Niliinua mkono kuichukua, mkono ukakataa kufika. Kwetu sahani hutembea. Hutoka nyumba hii kwenda nyumba ile chini ya kawa la kufunikia, ina kitu ndani, na hurudi ikiwa na kitu kingine. Leo Tufaha ananiletea vitumbua, kesho namrudishia ndizi za nazi, keshokutwa inakuja na kipande cha papa, na hivyo hivyo, hata sahani ile ikawa haijulikani tena ni ya nani kati yetu. Kuirudisha tupu si ukosefu wa adabu tu. Ni kumwambia mtu: mimi na wewe, basi. Nimewaona walioachana kwa matusi na mashahidi, na bado sahani zikarudi na tende mbili ndani.

"Mkono wangu hauwezi kuirudisha tupu," nikamwambia. "Ukiitaka hivyo, ingia uichukue mwenyewe."

Aliuangalia mguu wake uliokuwa hewani. Akamwangalia mbwa. Mbwa naye akamwangalia, kichwa upande.

"Basi ikae," akasema. "Ikae hapo mpaka aondoke huyo au niondoke mimi."

Akaushusha mguu kichochoroni. Alipoondoka, wale waliokuwa nyuma yake waliondoka naye, kama shuka inavyofuata ncha yake.

*

Sogea nikwambie kuhusu mtaa wetu. Unaitwa Hapahapa. Ukimuuliza mtu anakaa wapi, atakwambia hapahapa. Ukimuuliza alizaliwa wapi, hapahapa. Na atakapozikwa hataki kujua, lakini ni hapahapa. Nyumba zetu zimeegemeana kama wanawake wanaonong'ona arusini, na hakuna anayeweza kukuonyesha ukuta wangu unaishia wapi na wa Tufaha unaanzia wapi. Na ipo sheria moja ambayo haikuandikwa na yeyote, wala hakuna anayethubutu kuivunja: mtu yupo maadamu anasemwa.

Nimeifikiria sana sheria hii nikichambua mchele. Mtu ni nini? Nyama hata mbuzi anayo. Pumzi hata mvukuto wa mhunzi unayo. Nadhani mtu ni yale yanayosemwa juu yake akishapinda kona: alivyopita, alichovaa, alichonunua, kwa nini kanuna. Akiacha kusemwa, anaanza kupungua. Usidhani natia chumvi. Nilimwona kwa macho yangu Usi fundi cherehani. Hakuna aliyemchukia. Watu walipata habari nyingine tu, tamu zaidi, wakamsahau. Kikaanza kivuli chake, kikawa chepesi kama chai iliyotiwa maji mara ya pili juu ya majani yaleyale. Ikafuata sauti. Mwisho tukaikuta cherehani inashona yenyewe, kanzu nzuri, mishono imenyooka, na kila mmoja akamuuliza mwenzake: hivi hapa alikuwa akikaa nani?

Basi mimi nikaufungua mlango. Niliufungua na sikuufunga, mpaka kitasa kikasahau kazi yake. Nilitoa sufuria kubwa, lile la kupikia arusi, nikaliweka jikoni kama la kila siku. Walikuja. Walikula, walileta maneno, walichukua maneno. Nilijua nani kaposwa kabla mposaji hajavaa viatu. Na kwa kuwa maneno yote yalipita kwangu, na mimi nilipita katika maneno yote: Mize kasema, Mize kapika, kwa Mize jana. Nilikuwepo kuliko mtu yeyote Hapahapa. Ukinigusa ungedhani umegusa ukuta.

Watu walisema napenda watu. Nami nilisema hivyo hivyo. Ukisemwa sana, unajifunza kujisema kwa maneno ya wasemaji.

*

Na mbwa? Nilikwenda kuchukua habari, si mbwa. Ilitufikia kwamba nyuma ya ghala kuukuu la chumvi kuna mwanamke kafungua nyumba ya wanyama wasio na wenyewe, na kwamba anawapikia. Anawapikia! Habari kama ile haiwezi kuingia barazani kwangu ikiwa nusu. Nikajitanda kanga, nikabeba kikapu ili nionekane mtu wa sokoni, nikashika njia. Njia ya kule ina tabia yake: ukiikimbilia inarefuka, ukisimama inakuja yenyewe. Nilisimama mara nyingi, nikafika.

Uani mle mlikuwa na punda wa jicho moja, paka waliokatika mikia, na jogoo aliyesahau alfajiri, akawa anawika adhuhuri kwa aibu. Mwanamke mwenye aproni ya mpira alikuwa akikoroga uji wa pumba.

"Umekuja kuchukua au kuangalia?"

"Kuangalia tu, dada yangu."

"Wote husema hivyo."

Pembeni, kitu kidogo kikainuka kije kwangu. Hakikuja moja kwa moja. Kilianza kama kinachokwenda ukutani, kikapinda, kikaendelea kupinda, kama kinazunguka kisima ambacho macho yetu hayakioni, na mwisho wa mzunguko kikafika kwenye kidole changu cha mguu. Kikainua kichwa, kichwa kimelala upande.

"Kafanywa nini shingo?"

"Sikio liliugua ndani alipokuwa mchanga. Likapona, shingo ikabaki hivyo. Haumwi. Anakula, anakimbia, anasikia. Ila akitembea hupinda kushoto. Muache tu, atafika." Akakung'uta mwiko. "Watu humpenda kwa udogo wake wakamchukua, halafu humrudisha. Wanasema anawaangalia kama anayewataka maelezo."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

"Kwako mko wangapi?" akaniuliza.

"Aa, kwangu! Kwangu pamejaa. Watu hawakatiki, wanaingia wanatoka."

"Nimeuliza mnaolala."

Hapahapa hakuna aliyewahi kuligeuza swali lile upande huo. Nilitazama punda. Nilitazama jogoo. Wote waliona haya kwa niaba yangu.

"Nalala peke yangu."

"Basi nafasi ipo."

Akamtia kikapuni kabla sijasema ndiyo wala siyo. Nilipouliza jina lake, akaniambia nimpe mwenyewe, lakini si siku ile. "Zungumza naye kwanza," akasema. "Jina litakuja likikuta mna mazungumzo."

*

Baada ya ugomvi wa sahani nilipika kama kawaida, sufuria lilelile la arusi, nikakaa mlangoni na upawa. Hakuja mtu. Niliwaona wakipita upande wa pili wa kichochoro, na kichochoro chetu hakina upande wa pili. Walijibana ukutani wakauumba.

Wanaogopa vyombo, nikajiambia. Kama ni vyombo, dawa yake naijua, na kila mtu Hapahapa anaijua: chombo kilichoguswa na mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Mbwa wangu hakuwa amegusa chombo changu hata kimoja. Alikuwa na kifuu chake cha nazi uani, na huko ndiko alikokula na kulala, Mungu shahidi. Lakini nilitaka kuwaziba watu midomo. Nikavitoa vyombo vyote kichochoroni. Sahani, bakuli, sinia, upawa, kinu, mbuzi ya nazi, hata vijiko vya wageni ambavyo havijaona mgeni. Nikachota udongo. Nikasugua mbele ya kila jicho, maji juu ya maji, naimba na kuimba, mikono imejaa matope mpaka viwiko.

Mzee Makame aliniangalia, redio pajani.

"Mize. Kwani vyote hivyo kavilamba?"

"Hajalamba hata kimoja."

"Sasa mbona unaviosha?"

"Ili mjue havijalambwa."

Akafikiri. Akaipiga redio kofi, redio ikakoroma, ikanyamaza.

"Kisicholambwa hakioshwi hivyo," akasema.

Na ndivyo ilivyokuwa. Kabla sijamwaga maji ya mwisho, habari ilishazunguka mtaa na kurudi: mbwa wa Mize kalamba vyombo vyote, kalamba sufuria la arusi, kalamba kinu mpaka ndani, na wengine wakaongeza kitanda. Nilikuwa nimejitolea ushahidi mwenyewe kwa udongo na maji, mchana, nikiimba. Sina wa kumlaumu. Ingekuwa ni kizingiti cha mwanamke mwingine, ningekuwa wa kwanza kuyasema, na ningeyasema vizuri zaidi.

*

Tangu hapo alasiri iligoma.

Sijui nikwambieje. Jua lilifika pale linapofika alasiri, juu ya ukuta wa Mzee Makame, likakaa. Halikushuka. Kwetu jua linashuka kwa sababu watu wanaagana: haya nakwenda, magharibi hiyo, tutaonana. Mimi sikuwa na wa kuagana naye. Jumanne ilikuja ikachungulia, ikaniona niko peke yangu, ikarudi ilikotoka, ikaja Jumapili badala yake nayo haikukaa. Wali ulichacha kwenye sufuria. Nikaumwaga, nikapika mwingine, ukachacha.

Kisha kivuli changu kikaanza kunichelewa. Nikisimama, chenyewe bado kimekaa. Nikienda jikoni, kinabaki mlangoni kinaangalia nje, kama mtoto aliyekatazwa kucheza.

Nani kaoa? Sijui.

Nani kanuniana na nani? Sijui.

Yule binti wa kona aliyekuwa akisuka nywele upande, alimaliza upande wa pili? Sijui, sijui.

Na mimi je? Kuna anayesema, Mize anaumwa? Mize kajifungia? Mize kamchagua mnyama kuliko sisi? Nilitega sikio ukutani. Hata kusemwa vibaya nilikutaka. Ukuta wa Tufaha ulikuwa kimya, kimya cha mtu aliyeshika pumzi.

Nilikaa chini mkekani, nikamgeukia mbwa, maana ndiye aliyekuwepo. Nikamwambia: "Unajua yule Usi fundi alimpenda nani?"

Akalaza kichwa.

Wewe unayenisikia, umewahi kukaa na msikilizaji? Simaanishi mtu anayengoja unyamaze ili aanze yeye. Barazani kwangu tulikuwa wasemaji watupu. Maneno yaligongana hewani kama vyombo kwenye beseni. Huyu alilaza kichwa, sikio moja juu, na macho yake yakasema lile neno dogo ambalo msimuliaji yeyote wa kwetu hawezi kwenda mbele bila kulipata kutoka kwa mwenzake: ehe? Ehe, ikawaje?

Nikamsimulia Usi. Ehe. Nikamsimulia binti wa kona na mchumba wake anayevaa saa mbovu. Ehe. Nilimwita jina hilo bila kukusudia, naye akaja, kwa ule mzunguko wake, akipitia mbali, akafika. Ehe. Nilimpa maneno yote niliyokuwa nimeweka akiba, ya watu wa mbali na ya karibu, ya walio hai na ya waliosahauliwa, mpaka siku moja, au ilikuwa alasiri ileile, nikafungua kinywa na sikukuta la mtu. Yaliyobaki yote yalikuwa yangu.

Hapo ndipo liliponijia lile swali, na tangu hapo halijaniacha. Tumekuwa tukiapa kwamba mtu yupo kwa sababu anasemwa. Na kama tumekosea? Kama mtu hayupo kwa kusemwa bali kwa kusikilizwa, basi mimi, Mize wa mlango wazi, Mize wa sufuria la arusi, nimekuwepo lini? Ni nani aliyenisikiliza mpaka mwisho wa sentensi?

Mmoja. Pandu.

"Ehe," likasema lile sikio.

*

Pandu alikuwa mume wangu. Alikuwa mtu wa maneno machache, akichonga vitanda, na nikisema alikuwa akiiweka patasi chini. Haya ndiyo niliyomwambia Ehe, nimelala ubavu mkekani, kwa sauti ya kawaida, kama ninayehesabu vitunguu:

Alikufa asubuhi, chai yake iko mezani. Watu wakajaa. Unajua matanga yalivyo: mikeka inatandikwa, majirani wanaleta vyakula, wanawake wanalala na mfiwa, hata kulia wanakulilia ukichoka. Nyumba ilijaa sauti. Sikusikia ukimya wake hata kidogo, ule ukimya wa patasi iliyowekwa chini. Ikafika siku ya kuanua matanga. Kwetu matanga huanuliwa kwa chakula. Mnakula pamoja, mnainuka, mikeka inakung'utwa, kila mtu anakwenda kwake, na mfiwa anabaki na nyumba yake. Niliwaona wanaanza kutafuta viatu. Nikasema: kaeni, napika. Nikatoa sufuria la arusi. Wakakaa. Kesho yake nikasema vilevile. Kesho yake tena. Sikuikung'uta mikeka. Wakazoea. Wakaja wengine ambao hawakumjua Pandu, wakakaa kwenye mikeka ileile, wakacheka, na waliomjua nao wakasahau walichokuja kufanya. Wakadhani hii ni baraza. Mimi mwenyewe nikadhani ni baraza. Ehe, wewe unasikia? Ile nyumba iliyojaa, ile sifa yangu mtaa mzima, yalikuwa matanga. Tumekuwa matangani muda wote huu, na maiti hatumkumbuki.

Nilinyamaza. Nikasikia ukimya wa Pandu. Ulikuwa pale pale, umekaa mahali pake kwenye kiti cha mlangoni, umezeeka kidogo. Nililia kilio changu mwenyewe, bila wa kunisaidia.

Nilipomaliza nikanyanyuka, nikaliinua sufuria la arusi, nikalipeleka stoo. Nikatoa kijisufuria cha mtu mmoja. Nikapika wali kidogo na mchuzi wa nazi, wa samaki changu mmoja. Mkono ulikuwa umesahau kupima kidogo vile. Sikujua kumbe mvuke wa mchele mchache unatoa harufu kubwa hivyo.

Ehe aliingia kutoka uani. Hakuja kwangu. Alianza kama anayekwenda jikoni, akapinda, akakizunguka kile kisima chake kisichoonekana, na safari hii mzunguko ukamfikisha kwenye mlango wa mbele, niliokuwa nimeufunga nilipochoka kungoja watu. Kitasa kilikuwa kimekumbuka kazi. Akalala chini, kichwa upande, akaangalia. Hakubweka. Alikuwa akisikiliza.

Nikajilaza kando yake, umbali wa mkono. Nikaweka shavu sakafuni, nikalaza kichwa kama yeye, ili dunia nami nione imelala upande. Chini ya mlango kuna uwazi, upana wa kidole. Kwa miaka ya kuishi mle sijapata kuchungulia hapo. Mtu aliyesimama wima atachunguliaje? Kwenye uwazi ule, katika mwanga wa alasiri iliyogoma, niliona vidole vya miguu. Vya mwanamke. Hina imefifia kwenye kucha. Kidole kidogo cha kushoto kimepinda.

"Tufaha," nikasema na sakafu.

Vidole vikajikunja.

"Tufaha, vidole vyako navijua. Hicho kidogo ulikigonga kwenye mbuzi ya nazi, ukapiga kelele tukadhani umefiwa."

"Sikusema hodi," sauti ikajibu. "Kwa hiyo sipo."

"Umefuata nini?"

"Sahani."

"Umesimama hapo tangu lini?"

"Tangu alasiri."

"Alasiri ipi?"

"Kwani imepita nyingine?"

Nikafungua. Ee Mola wangu. Nilikuwa nikidhani nimepungua peke yangu. Bi Tufaha alikuwa amekuwa mwepesi pembeni kama kanga iliyofuliwa sana. Kupitia bega lake niliiona baraza ya Mzee Makame, na Mzee Makame mwenyewe akiwa kama moshi wa udi, redio ikionekana zaidi yake.

"Mwenzangu, umefanyaje?"

"Nifanyeje, Mize? Mtaa mzima umekauka. Maneno yote yalikuwa yakipitia kwako. Umefunga, yapite wapi? Hakuna anayenisema. Nilijiita mwenyewe jikoni, Tufaha we! Sikuitika." Akapangusa pua kwa ncha ya kanga. "Nikasema nije nigombe nawe kidogo, nipate nguvu. Nikifika mlangoni nasikia unazungumza. Nikasema nitangoja amalize."

"Ukasikia."

"Nimesikia yote. Ya Pandu." Akaivuta kanga begani. "Sikujua tulikuwa bado tunamlilia. Nilidhani tunakula tu."

"Hata mimi."

"Ile sahani ni yangu, unajua?"

"Hakuna anayejua."

"Mimi najua. Niliileta siku ile ya kwanza, wali na samaki wa kukaanga. Ulikula chote hujui unachokula. Uliporudisha ulitia tende. Nikajiambia, atapona huyu. Nikairudisha tena ili urudishe tena. Niliogopa nikiiacha kwangu utakaa bure."

Nikaenda rafuni. Mkono ulifika safari hii. Nikaileta ikiwa tupu, nikaishika ukingo wa huku, yeye akaushika ukingo wa kule, na hakuna aliyevuta. Ehe akainuka sakafuni akaanza safari yake. Bi Tufaha akakusanya kanga magotini.

"Mate yake, Mize!"

"Hana shida nawe. Anakwenda zake uani."

"Uani ni kule! Mbona anakuja huku?"

"Ndivyo anavyotembea. Ngoja."

Alimpita mbali, akapinda, akapinda tena, akatokea kwenye mlango wa uani, akaenda kulala karibu na kifuu chake. Bi Tufaha alikuwa amemfuata kwa macho mpaka mwisho, na kichwa chake, bila mwenyewe kujua, kilikuwa kimelala upande kidogo.

"Kumbe anafika," akasema.

"Anafika."

"Mimi sitamgusa."

"Sijakuomba umguse."

"Na nitanawa mara saba nikitaka, usinicheke."

"Nawa hata mara kumi. Maji yapo."

Akanusa hewa. "Umepika."

"Cha mtu mmoja. Changu mmoja, wali wa kiganja. Nilitaka kuanua matanga."

"Peke yako? Yanaanuliwa na nani peke yake?" Sauti yake ilipanda, na ilivyopanda bega lake likajaa, baraza ya Mzee Makame ikapotea nyuma yake. "Mama yangu aliyaanua ya baba kwa chai na mkate, lakini tulikuwa watu wawili!"

"Na ukishakula, Tufaha, utaondoka?"

Nilitaka kulijua hilo kabla ya yote. Aliniangalia vizuri, na hakunidanganya.

"Nitaondoka. Na mimi nina jiko langu. Tutakung'uta mikeka, nitakwenda kwangu, nawe utabaki na nyumba yako na huyo wa uani. Kesho nitakuletea sahani hii, na habari."

"Ikiwa na kitu?"

"Lini mimi nimekuletea sahani tupu?"

Ule mguu wake, uleule, ulikuwa hewani juu ya kizingiti. Nyuma yake jua lilijinyanyua juu ya ukuta, likajinyoosha kama mtu aliyekaa sana, likaanza kushuka. Redio ya Mzee Makame, bila kupigwa kofi, ikataja saa. Mlango ulikuwa wazi, sahani moja mikononi mwetu sote wawili, na bado Bi Tufaha alisafisha koo, akasema lile neno lililokuwa limemkwama kwa alasiri yote.

"Hodi, Mize."

Jina langu likaniingia mwilini, zito, na kivuli changu kikaja mbio kikanishika miguuni.

"Karibu, Tufaha," nikasema. "Pita ndani. Karibu tule."